Friji la Mama Linalouma

Siku ya pili baada ya kumaliza masomo ya jioni ya umeme wa majumbani, nilipanda baiskeli kutoka Tabora mjini kwenda kwa mama, Kwihara. Nilijiona naweza kuwasha mkoa mzima kwa kidole. Njia ambayo wapagazi wa zamani waliipita wakihema chini ya mizigo, mimi niliimaliza kwa dakika nne, labda tatu.

Mama nilimkuta jikoni anapanga vikombe. Saa kumi jumuiya ilikuwa inakuja kusali kwetu, akina mama kama ishirini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Nitolee maji kwenye friji. Vaa ndala kwanza!"

Hiyo kwetu ilikuwa sheria. Jozi moja ya ndala ilikaa mbele ya friji, kwa sababu ukiligusa peku linauma. Tuliishi hivyo miaka miwili tukiona ni tabia yake tu, kama mbuzi mkali. Safari hii nywele zilinisimama. Wageni wa jumuiya huvua viatu mlangoni! Miguu arobaini mitupu kwenye sakafu iliyotoka kudekiwa, na ndala ni jozi moja.

"Mama, nani aliunganisha soketi hii?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe, na ukala kuku mzima!"

Kweli, nilikuwa mimi, kabla sijasoma. Nikazima swichi kuu, nikapima kwa testa, nikafungua soketi. Waya wa kijani na njano, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja ili usipitie kwa mtu, haukuwepo. Niliuona wa ziada siku ile, nikafungia mlango wa banda la kuku.

Nikaruka mjini, nikarejea na nondo ya shaba, waya mpya na breka inayokata umeme ukivuja. Nondo nikaigongelea ardhini nyuma ya jiko na kuifunga waya wa kijani na njano, pale penye unyevu mama anapomwaga maji ya vyombo, maana kiangazi ardhi yetu ni kavu kama biskuti na umeme hauipendi. Friji nikaliwekea waya wake peke yake, mnene, kutoka swichi kuu. Nikawasha.

Tap! Breka ikajikata. Nikawasha tena. Tap!

"Mayo! Umeliua," mama akasema. "Na wageni wako njiani."

"Halijafa, mama! Breka imekamata mwizi!"

Nikazima kila kitu, nikalivuta friji. Nyuma yake panya alikuwa ametafuna waya hadi shaba ikagusa bati. Nilifurahi kama niliyegundua ziwa! Nikatoa waya wote ulioliwa, nikaweka mzima, nikawasha. Breka ikatulia, friji likaanza kunguruma. Nikapima bati lake kwa testa: taa haikuwaka. Hapo ndipo nilipolishika peku, halikuuma, nikapiga kelele za furaha ambazo nadhani ziliisimamisha treni ya Kigoma.

"Wewe ni mwanaume," mama akasema. "Labda wanaume haliwaumi."

Hakuligusa.

Baada ya sala akina mama wakajaa jikoni, peku wote. Mmoja mwenye mwili wake akaliegemea friji kwa mgongo mzima, chai mkononi, akaanza kusimulia vituko vya mkwe wake. Mkwe huyo alikuwa na vituko vingi. Mama akamtazama yeye, akanitazama mimi. Kisha akasogea, akaegemea pembeni yake na kuuliza, "Halafu mkwe akasemaje?"