Zebinas na Alama ya Bendera

Zebinas alikuwa amechonga miungu na wafalme kwa miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha sarafu cha Antiokia. Alichimba picha kwenye vipande vya chuma, nazo sharti ziwe kinyume, ili nyundo ikigonga shaba zitoke sawa.

Mwaka ule ikaja amri ya picha mpya: mfalme kasimama merikebuni, bendera mkononi, na juu ya bendera kijialama asichokijua. Aliugeuzageuza mfano wa nta. Mistari mitatu iliyokatana, mmoja una kikulabu kichwani. Nyota hii, akawaza. Nyota haina mbele wala nyuma, basi akaichonga kama alivyoiona.

Maronas, mpiga nyundo, alipoiokota sarafu ya kwanza alicheka mpaka akaketi chini.

"Mzee Zebinas! Umemgeuza Kristo akatazama nyuma!"

"Kristo gani? Mimi nimechonga nyota."

"Nyota wapi, bwana! Hizo ni herufi, khi na ro, mwanzo wa jina lake."

Zebinas akainyakua. Kweli, ro ilitazama upande usio wake.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningejuaje hujui? Mji mzima unajua."

Waliirudisha shaba ile tanurini kabla msimamizi hajaingia, na Zebinas akashinda akichonga upya. Lakini swali lilikuwa limemkaa. Miungu yote aliyoichonga ilikuwa na nyuso: huyu ndevu, yule miali ya jua. Huyu ana herufi tu?

"Sura yake ikoje?" alimwuliza Maronas wakila mkate na zeituni.

Maronas akatema kokwa ya zeituni. "Unajua, sijawahi kujiuliza."

Jumapili Zebinas akaenda mwenyewe kanisani kutazama. Alikagua kuta, nguzo, hata taa. Alikuwa ameanza kunogewa na mahubiri shemasi alipotangaza kwamba wasiobatizwa watoke.

"Umemwona?" mkewe Mannos alimdaka mlangoni.

"Nimwone wapi! Wametufukuza penyewe palipokolea."

"Si ujiandikishe kubatizwa, basi, kuliko kunichosha mimi kwa maswali."

Alijiandikisha majira ya baridi yale yale, Maronas akamdhamini. Kwenye mafundisho aliketi mstari wa mbele na kuuliza kuhusu pua, nywele na urefu wa Kristo, hadi mwalimu akamsihi awaachie wengine nafasi. Hakupata jibu, ila mafundisho yalizidi kumnogea. Usiku wa Pasaka akabatizwa, na Jumatatu akarudi kazini, mikono ikinukia mafuta matakatifu.