Amos Kipkoech Anataka Kumwona Mama wa Mbwa

"Mnyama wa kunidanganya mimi hajazaliwa, na mtu wa kuniuzia mnyama kama huyo, hata mimba yake bado!"

Hayo yalisemwa na Amos Kipkoech, broka wa ng'ombe kutoka mji mdogo wa Ziwa, kwenye harusi ya mtoto wa jirani, baada ya kupewa maikrofoni asalimie wakwe kwa dakika moja. Wakwe walitarajia salamu. Walichopata ni somo refu kuhusu viwele vya ng'ombe wa friesian, jinsi pembe zinavyopigwa msasa ili ng'ombe mzee aonekane msichana, na jinsi muuzaji asiyemwogopa Mungu anavyomlambisha ng'ombe chumvi usiku ili asubuhi anywe maji mpaka avimbe kama tangi. Pastor alikohoa. MC akakohoa zaidi. Bibi harusi aliona afadhali akae chini kwanza.

Ukweli usemwe: kwa ng'ombe, Amos alikuwa hatari. Akimzunguka ng'ombe mara moja tu, mwenye ng'ombe anaanza kutokwa na jasho. Tena alikuwa na sheria ambayo hangeivunja hata kwa ndugu wa tumbo moja: hanunui mtamba mpaka amwone mama yake akikamuliwa. Ukimwambia mama yuko malishoni, atangoja. Ukimwambia mama ni mgonjwa, atakusaidia kutafuta dawa, kisha atangoja.

Lakini hiyo ilikuwa sheria ya ng'ombe. Mbwa, kwa hesabu za Amos, hakuwa mnyama wa kununuliwa. Mbwa unapewa na jirani akiwa kwenye gunia, na unanung'unika njia nzima ukimpeleka nyumbani. Kwa hivyo binti yao Linet alipopata kazi mbali, na mkewe Priscah akasema nyumba imekuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu, kwamba anataka kambwa kadogo keupe, kale ka kulala mapajani, Amos hakusumbuka. Alisimamisha pikipiki kando ya barabara, akachukua wa kwanza aliyemwona kwenye kikapu cha muuzaji, akamleta ndani ya koti.

Priscah alimwita Queen. Amos alimpa mursik, maana maziwa ya kugandishwa kibuyuni yaliyolea ukoo mzima yangeshindwa vipi kulea kitu kisichozidi kiatu? Queen hakumaliza wiki. Daktari wa mifugo alisema alikuwa amejaa minyoo, tena alitolewa kwa mama yake kabla hajajua kula. Mursik, alisema, haikumuua, lakini pia haiwezi kushukuriwa.

Priscah alilia kilio cha kumlilia mtu. Kilio Amos angekivumilia. Kilichomtisha ni kimya kilichofuata. Chai ya saa kumi ililetwa bila neno, ikawekwa mezani kama barua ya kufutwa kazi. Ikawa hivyo mwezi mzima, mpaka siku moja Priscah akafungua mdomo.

"Baba Linet, nataka mwingine. Lakini ukiniletea wa kuja kufa, usimwingize kwa hii nyumba. Sina machozi mengine ya kumwaga juu ya uzembe wako."

Hapo Amos akaapa kwamba mbwa wa pili atanunuliwa kama mtamba.

Alianza na Dennis, kijana wa mjini mwenye ukurasa wa Facebook ulioitwa Eldoret Royal Puppies, uliojaa picha za mbwa waliojinyoosha juu ya makochi ambayo Dennis mwenyewe hajawahi kukalia. Walikutana kwenye kituo cha petroli. Dennis alifungua buti ya gari la kuazima, na ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia kulikuwa na vitoto vyeupe vikilia kama milango isiyotiwa grisi.

"Mzee wangu, hizi ni Maltese pure. Damu ya Ulaya."

Amos aliinama. Mmoja alikuwa na tumbo la mviringo kama kibuyu, na moyo wa broka ukaruka. Kwa ng'ombe, tumbo pana ni chakula kingi, na chakula kingi ni maziwa.

"Huyu ana nafasi," alisema, akilipapasa tumbo.

"Huyo ndiye namba moja! Umeona mbali, mzee. Hata mimi nilikuwa nataka kubaki naye."

Mkono wa Amos ukaanza safari ya kwenda mfukoni. Ulikuwa umefika kwenye zipu mdomo ulipofanya kazi yake ya miaka yote, bila kuulizwa.

"Mama yake yuko wapi?"

"Mama ya nani?"

"Ya huyu mbwa."

"Aaah. Mama ako Nairobi, mzee."

"Anafanya nini Nairobi?"

Dennis alitazama paa la kituo cha petroli kutafuta jibu. "Ako... kwa maonyesho."

"Na ameacha watoto kwa katoni? Nani anawanyonyesha, wewe?"

Dennis alijishika kifua kabla hajajua anafanya nini.

"Basi nitangoja arudi," Amos alisema, akaketi juu ya pikipiki yake, akatoa hindi la kuchoma alilofunga kwenye gazeti, akaanza kula punje baada ya punje. Dennis alimtazama, akatazama hindi, akaona ni refu.

"Kumbe nimechanganya, mzee! Alirudi jana. Ako mtaa wa Huruma. Twende nikuonyeshe."

Huko Huruma waliingia kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, wakipita chini ya nguo zilizoanikwa. Dennis alimwomba Amos angoje mlangoni, akapotea nyuma ya choo. Zilisikika sauti za maji, sabuni na mapambano. Baadaye akatokea akivuta kwa kamba ya nailoni mbwa mmoja mweupe, aliyelowa chapachapa, mwenye urefu wa mbuzi.

"Huyu ndiye mama. Samahani, amechoka na safari."

Amos alifanya kile anachofanya kwa kila mama anayeletwa mbele yake: alichuchumaa, akainamisha kichwa, akatazama chini ya tumbo ahesabu chuchu. Akainua kichwa.

"Kijana."

"Naam, mzee."

"Huyu mama ni dume."

Dennis naye aliinama akachungulia, kana kwamba habari hizo zinamfikia pia kwa mara ya kwanza. "Unajua, mzee, hizi breed za Ulaya..."

Hakumaliza. Mlango wa chumba cha pili ulifunguka, akatoka muuza chapati mmoja, Nabwire, mkononi ana kijiti cha kusukumia.

"Dennis! Nani amekuambia uoshe Simba wangu? Wiki jana ulimkopa awe baba. Leo amekuwa nani?"

"Mama," Amos alimjibu.

"Mama?" Nabwire alimgeukia Simba kwa huruma. "Pole, mwanangu." Kisha akamgeukia Dennis, na kuanzia hapo hapakuwa na huruma. Amos aliwaacha Dennis akizunguka tangi la maji, Nabwire nyuma yake, na Simba nyuma ya wote, akifurahi kupata mchezo.

Alicheka mpaka barabara kubwa. Kisha kicheko kikamkauka. Lile tumbo alilolisifu alikuwa ameliona mahali. Queen alikuwa na tumbo lile lile, la minyoo, na Amos alilisifu pia. Laiti mdomo ungechelewa kidogo tu, angempelekea Priscah mazishi mengine ndani ya koti.

Alimrudia daktari wa mifugo akiwa mpole, na daktari akamwelekeza kwa Mama Rosebella, mkunga mstaafu aliyefuga Maltese nyumbani kwake Kapsoya. Amos alifika na gumboots za sokoni. Hakupita geti.

"Vua hizo," Mama Rosebella alisema. "Zimetoka wapi?"

"Soko ya ng'ombe, Mama."

"Basi zimebeba kila ugonjwa wa wilaya. Vua, nawa mikono, halafu tusalimiane."

Amos aliingia kwa soksi, kidole kimoja cha mguu kikichungulia nje. Sebuleni kulikuwa na mama mbwa mwenyewe, mweupe, mzima, amelala juu ya blanketi na watoto watatu wakimpanda kichwani. Roho ya Amos ikatulia. Hapa sasa alikuwa kazini. Aliomba ruhusa, akapitisha kidole kwenye uti wa mgongo wa mama, akatazama nyonga, akatazama macho, kisha akainama.

"Ana chuchu ngapi?"

"Nane."

"Nane!" Amos aliketi kwenye zulia kwa heshima. Maisha yake yote alikuwa amefanya biashara na nne. "Na zote zinatoa?"

Mama Rosebella, aliyekuwa ameshajiandaa kumfukuza, alimtazama upya. "Zote. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza hilo. Wengine huuliza kama manyoya yanabaki meupe."

Akamwonyesha kadi ya chanjo, akamwambia dawa ya minyoo wameshapewa, na kwamba mama huzaa mara moja kwa mwaka, akichoka anapumzika. "Na ukishindwa kumlea, unamrudisha kwangu. Si kwa jirani, si barabarani. Kwangu."

Amos alidhani amesikia vibaya. Sokoni, muuzaji huzima simu kabla ng'ombe hajapanda lori. Huyu alikuwa anaomba mali irudi! Akajiambia: nimefika. Akatoa mkono kumchukua mmoja.

"Ngoja," Mama Rosebella alisema. "Umeuliza maswali yako. Sasa ni zamu yangu. Atalala wapi?"

"Kwa zizi, na ndama. Kuna joto."

"Atakula nini?"

"Chakula ya watu. Ugali, na mursik."

"Mchana atakaa na nani?"

"Ako na miguu, Mama. Atatembea."

Mama Rosebella alisimama akamfungulia mlango. "Mzee, soksi zako ni nzuri. Nenda nyumbani."

Amos Kipkoech, aliyekataa ng'ombe za watu kuanzia Sugoi mpaka Ziwa, alikuwa amekataliwa na mwenye mbwa. Alikaa nje ya geti akivaa gumboots polepole kama mtoto aliyefukuzwa shule. Angeweza kwenda kwa mwingine. Akina Dennis hawakosekani mjini. Lakini kila alipowazia hivyo, lile tumbo la mviringo lilimrudia. Akaenda nyumbani, akamweleza Priscah kila kitu, hata la zizi.

"Ulimwambia mursik?" Priscah aliuliza.

"Nilimwambia."

"Tena?"

"Tena."

Jumamosi walikwenda wote wawili, Amos akiwa na soksi mpya na amri ya kutosema kitu. Priscah hakumkagua mbwa. Aliketi tu, na Mama Rosebella alipomuuliza kama amewahi kufuga, akamweleza habari za Queen: jinsi alivyomkanda tumbo akidhani ni shibe, na jinsi asubuhi ile alivyoendelea kumkanda akiwa tayari baridi. Mama Rosebella hakuuliza swali lingine. Alimchukua yule mdogo wa kike, akamweka mapajani pa Priscah, naye akajiviringa hapo na kulala.

Jioni hiyo mvua ilishuka Ziwa na baridi yake yote. Amos alitoka kukamua, akakuta mbwa anatetemeka mapajani, masikio mpaka mkia. Hata mikono hakunawa, alinyakua simu.

"Mama Rosebella! Anatetemeka! Anaenda!"

"Amekula?"

"Amemaliza sahani."

"Amecheza?"

"Ameniuma kidole."

"Basi hiyo ni baridi, mzee. Hao hawana mafuta mwilini. Mvalishe."

"Nimvalishe nini?"

"Nguo."

Amos alishusha simu akamtazama mkewe. Alikuwa amefanya mengi kwa wanyama, lakini kumvalisha mmoja, hapana. Priscah alianza kutikisika mabega, na Amos akadhani ni machozi, mpaka sauti ikatoka. Alicheka mpaka mbwa akaamka, akacheka mpaka akaishiwa pumzi, akimpiga mumewe begani kwa kitambaa. "Broka! Ati broka atavalisha mbwa!" Nyumba haikuwa na kelele kama hiyo tangu Linet aondoke.

Siku ya soko, wenzake walimkuta Amos mbali na ng'ombe, ameinama juu ya lundo la mitumba ya watoto.

"Broka, umepata mjukuu?"

"Endeni mkaangalie ng'ombe zenu."

Aligeuza sweta moja ndani nje, akavuta mishono, akaipima kwa shubiri, akaulizia shingo kama inanyumbuka. Ilikuwa ya mtoto mchanga, rangi ya waridi, kifungo kimoja hakipo.

Akalipa shilingi hamsini.