Mipini ya Buluu

Ukimtafuta kwa jina alilopewa na wazazi wake utauzunguka mtaa mzima na kurudi ulikotoka. Lakini uliza Maranda, na hata mtoto anayejifunza kutembea atakuonyesha mlango. Jina hilo alipewa na msumeno wake wa injini. Msumeno ulionolewa vizuri hutema maranda, vile vipande vya mti vinavyoruka vikiwa vinene na vyeupe. Ulio butu hutema vumbi. Wa Maranda haukujua vumbi. Alikuwa akirudi nyumbani na maranda kwenye nywele, masikioni na mifukoni, na mkewe aliwahi kuyakuta ndani ya chai, akayatoa kwa kijiko, akanywa.

Siri yote ilikuwa kwenye tupa. Wako watu wanaodhani tupa ni tupa, chuma cha kusugulia chuma, basi. Maranda akisikia maneno hayo alikuwa anaumwa kabisa. Kwake kila mnyororo wa msumeno, ule wenye meno ya kukatia, ulikuwa na tupa yake ya mviringo, na kukosea hapo ni kuharibu kazi kabla hujaianza. Tupa nyembamba mno hulichimba jino tumboni, likauma kwa pupa siku ya kwanza na kuchoka siku hiyohiyo. Nene mno hulilaza jino, likabaki kuteleza juu ya mti kama kisu kilichoshikwa kinyume. Iliyo sahihi hukaa kwenye jino ikatulia, na sehemu ndogo tu ya unene wake ikachungulia kwa juu.

Alikuwa na tupa tatu kwa minyororo mitatu, zilizopishana unene kidogo mno, na alizitambua kwa mipini yake. Moja ilivaa gunzi la hindi, ya pili kipande cha mwiko uliovunjika, na ya tatu ilichomekwa kwenye mpini wa mswaki wa zamani ambao hakuna mtu nyumbani aliyekubali kuwa ulikuwa wake. Mpini wa mswaki ndio uliokuwa wa mnyororo wa miti migumu. Hakuhitaji kufikiri. Mkono uliingia kwenye mkoba na kutoka na tupa inayotakiwa.

Na ilikuwa bahati kwamba hakuhitaji kufikiri, kwa sababu kuona alikuwa haoni. Vya mbali aliviona vyema. Vya karibu vilimpa taabu. Alianza kwa kusogeza karatasi za dawa mbali na uso, kisha mbali zaidi, hadi ikabaki kidogo amwombe jirani amshikie. Namba ndogo zilizochorwa kwenye tupa zilikuwa zimemtoroka siku nyingi. Hakumwambia mtu. Kazi yake ni kuangusha miti iliyoegemea mapaa ya watu, na nani atamwita mtu asiyeona aje kucheza na paa lake? Alijitia hamnazo na maisha yakaendelea.

Kisha mkewe akamletea zawadi. Hapakuwa na sikukuu wala sababu yoyote. Alikuta tupa zake zimepangwa mezani juu ya kitambaa, zote tatu zina mipini mipya ya mbao, laini, iliyochongwa na seremala na kupakwa rangi ya buluu. Tupa zilikuwa zimegongelewa ndani yake hadi namba zikamezwa na mbao. Gunzi, mwiko na mswaki vilikuwa vimeshakwenda na takataka.

"Fundi mzima unafanya kazi na uchafu," mkewe alisema. "Nimechoka kuona."

Maranda alishukuru, akashukuru tena, akapitiliza. Moyoni alikuwa analia. Angesema nini? Akisema hawezi kuzitofautisha, mkewe angemuuliza kwani unene wake hauoni. Akikaa kimya, angenoa kwa kubahatisha. Alichagua kimya, kama wanaume wengi wanavyochagua, na wengi wao hujuta kabla ya Ijumaa.

Kazi iliyofuata ikawa kwa mama mkwe. Nyuma ya nyumba ya bibi huyo palikuwa na mti mgumu uliozeeka ukaanza kulilalia paa la jiko. Mama mkwe alikuwa amekataa kumwita Maranda kwa muda mrefu, akidai anatafuta fundi. Sasa alikuwa ameita mwenyewe, na Maranda hakutaka kwenda huko kwa mguu mbaya. Jioni aliketi uani na mnyororo wa miti migumu mapajani. Alizipima tupa kwa vidole, lakini vidole vyake vilikuwa na sugu kiasi kwamba angeweza kugeuza sufuria motoni bila kuhisi. Alizisogeza kwenye mwanga, mwanga haukusaidia. Mwishowe aliitia ya kwanza kwenye jino, akaisukuma, akaipenda sauti yake. Akasema moyoni ndiyo hii. Akanoa meno ya upande mmoja, akageuza, akanoa ya upande wa pili, kwa uangalifu wote, lakini kwa tupa nene mno.

Asubuhi mama mkwe alitoa kiti, akakiweka mahali pa kuona kila kitu. Mkewe Maranda aliingia jikoni kuhamisha vyombo. Maranda akawasha msumeno, akauegemeza kwenye shina, na badala ya maranda likatoka vumbi laini, likamwagika kwenye viatu vyake.

Alisema ni petroli. Kisha akasema mti umenyonya mchanga. Kisha akalaumu upepo, na upepo haukuwepo. Mama mkwe alimsikiliza hadi akamaliza.

"Mkwe," aliuliza kwa upole, "unaukata au unausugua?"

Maranda akakaza mikono na kukandamiza. Moshi ukaanza kufuka. Akarudi hatua kuangalia kwa yale macho yake yaliyobaki mazuri, ya mbali, na akauona mkato. Ulikuwa bado wa juujuu, ila ulikuwa umepinda, umekwenda zake upande wa jiko, na mti hufuata mkato. Wakati huohuo mkewe akatoka na sufuria, akaiweka chini, akarudi ndani.

Hapo aliogopa kwelikweli. Jina, kazi, kejeli za mama mkwe, vyote vilimtoka kichwani, akabaki anautazama ule mlango wa jiko. Akazima msumeno. Alisubiri mkewe atoke, akamvuta kando ya tangi la maji.

"Sioni," alimwambia. "Namba za tupa sizioni tangu zamani. Nilikuwa najua kwa mipini. Jana nimenoa kwa kubahatisha, na mti huu siuangushi hivi."

Mkewe alishusha pumzi.

"Nimekujua tangu siku uliposhika picha ya dada yangu ukalisifia gauni ukidhani ni mimi," alisema. "Kila ukitoka na msumeno huo nakaa na roho juu mpaka urudi. Nimekusubiri useme, husemi. Ukawa unajificha nyuma ya mswaki. Basi nikakuondolea maficho."

Maranda alitoa macho. Kwa hiyo zawadi ilikuwa mtego. Alihisi hasira ikimpanda, na nyuma ya hasira aibu.

"Na kama ningeendelea kukata?"

"Usingeendelea."

"Ulijuaje?"

Mkewe akageuka, akaangalia sufuria zilizopangwa chini kando ya ukuta, kisha akamwangalia yeye.

"Mama anakaa peke yake," alisema. "Ana sufuria nne tu. Hukujiuliza kwa nini asubuhi nzima nilikuwa naingia na kutoka mle jikoni, chini ya mti wako?"

Maranda aliketi chini palepale kando ya tangi, vumbi la mti likiwa limemjaa miguuni, akaushika mkono wa mkewe kwa mikono yote miwili. Mama mkwe aliuliza kutoka kwenye kiti kuna nini huko.