Nukta Nyekundu ya Mbale

"Hajati, kitu chako kimewekwa bure, mbona hakina foleni?" Jirani yake Ramula alimuuliza hivyo siku moja wakichambua mchele barazani, pale Bugembe, pembeni mwa mji wa Jinja. "Ingekuwa sukari ya bure, hapa tungekanyagana."

Hajati Juwairiya alicheka, lakini swali lilimkaa kifuani.

Kitu chenyewe kilikuwa makala yake ya kurasa arobaini na mbili, juu ya jinsi Wayunani wa kale walivyobishana kuhusu mahali Mto Nile unapoanzia. Kiyunani alifundishwa na padri mzee, zamani alipokuwa akitunza vitabu vya seminari, maana padri alitaka mtu asiyepanga vitabu vya Kiyunani juu chini. Mzee alifariki, yeye akaendelea kusoma peke yake miaka ishirini na sita. Mara nyingi alifungua kazi za wataalamu kwenye simu, akasoma mistari mitano, kisha akaambiwa alipe dola. Ndiyo maana ya kwake aliipeleka kwa jarida la ng'ambo ambalo halimfungii mtu mlango. Mwenye simu afungue, asome.

Kila mwezi jarida lilimtumia ramani, yenye nukta nyekundu kila palipo na msomaji. Miezi saba ramani ilikuja tupu. Yeye mwenyewe hakuwa ameifungua makala. Aliogopa kukuta kosa. Baada ya swali la Ramula ndipo akaifungua, Ijumaa tatu mfululizo baada ya swala ya alasiri, kuona kama bado ipo.

Ramani iliyofuata ilikuwa na nukta moja. Mbale. Chini yake imeandikwa: msomaji mmoja, mara tatu.

"Mara tatu, Ramula. Huyo si mtu wa kupita tu."

"Basi nenda umwone, kabla hajachoka."

Akavaa gauni lake la Idi, akafunga karanga za kukaanga za kumpelekea msomaji wake, akaenda. Huko Mbale aliuliza shule mbili na parokia moja: nani hapa anasoma Kiyunani cha kale? Walimpa maji ya kunywa na kumtakia heri. Mwishowe akaelekezwa kwa Bwana Wanzala, mtu wa makamo, mtunza maktaba ya chuo kimoja.

Wanzala aliitazama ramani, akaitazama tena.

"Mama, wewe mwenyewe uliifungua mara ngapi?"

"Tatu."

"Kwa simu hii hii?"

"Ndiyo, nikiwa nyumbani."

Wanzala alitafuta namna ya kulisema. "Hizi laini za simu zina njia zao, mama. Mtu anakaa Jinja, mtandao unamwandika Mbale. Mimi hapa kuna siku naandikwa Kampala. Nafikiri nukta hii ni wewe."

Hajati Juwairiya aliiweka simu juu ya meza, kioo kikiwa chini. Akafungua kifurushi cha karanga, akakisogeza mbele ya Wanzala, kwa kuwa zilikuwa zimeletwa Mbale na zisingefaa kurudi.

"Kula, bwana."

Wanzala alikula mbili tatu. Nje wanafunzi walipita wakicheka, mlango wa maktaba haukufunguliwa.

Ndipo Hajati akasema, kwa sauti yake ile ya siku zote, "Bwana Wanzala, makala nimeiandika kwa Kiingereza, Kiyunani ni maneno machache tu. Nakuomba usome ukurasa mmoja, kisha uniulize kitu."