Mikono Yangu Ndani ya Kisima cha Ngamia

Mvua ya mawe ilinyesha kwetu mara moja tu nikiwa mdogo, na mpaka leo nikisikia harufu ya mchanga uliolowa ghafla, naikumbuka. Nilikuwa na miaka minne hivi. Nyanya alikimbilia ndani, mbuzi wakapiga kelele, na mimi nikatoka na kibuyu kuokota yale mawe meupe. Niliyafunika kwa ngozi nimwekee mama, aliyekuwa ameenda kutafuta kuni. Aliporudi, nikafunua kwa maringo. Maji matupu! Nililia nikisema nyanya ameniibia. Nyanya hakuwa na meno, lakini maneno alikuwa nayo. Akasema, "Haya, mwizi amekuachia maji. Kunywa."

Sijui kwa nini nimeanza huko. Nilitaka kuwaeleza habari ya macho. Shule mimi nilikaa kidogo tu, kwa hivyo mkiniona napita kando ya njia, nivumilieni.

Nilipokuwa na miaka tisa macho yangu yalivimba, yakawa yanatoa usaha, na kila asubuhi mama aliyafungua kwa chai ya rangi iliyopoa. Jicho la kushoto likaanza kuweka utando. Ndipo tukasikia daktari wa macho amefika Kakuma, atakaa mpaka Ijumaa, na baada ya hapo hajulikani atarudi lini. Jirani mmoja, mwanamke asiyejua kuficha neno, akamwambia mama, "Ukichelewa, huyu utamwongoza kwa fimbo."

Mjomba Ekal, ndugu ya mama, aliazima pikapu. Tulitoka Lodwar Jumatano. Pesa ya kulala hoteli haikuwepo, na hoteli yenyewe njiani haikuwepo, basi tulibeba nyumba yetu: magunia manne yaliyoshonwa pamoja, sufuria, unga, sukari kwenye karatasi, na mitungi miwili ya maji. Barabara siku hizo ilikuwa mchanga na mawe. Gari lilienda kidogo, likapumzika, kama mtu aliyetoka kuugua. Kila liliposimama mimi nilijua mahali kwa pua, maana macho nilikuwa nimeyafumba. Hapa kinyesi cha punda, pale moshi wa mkaa. Penye miti ya mikoma mama aligonga tunda moja juu ya jiwe, nikatafuna mpaka taya zikachoka. Tulilala chini ya magunia, upepo ukitujaza mchanga masikioni, mjomba akikoroma kushinda gari lake. Naona aibu kusema, lakini nilifurahi. Sikuwa nimewahi kulala katikati ya watu wazima wawili bila mbuzi.

Sasa, maji. Kwetu mtu akisimama kando ya barabara na kukuinulia chombo kitupu, unasimama. Huulizi ni nani. Mjomba alisimama kwa wachungaji, akasimama kwa mama mwenye mtoto mgongoni, akasimama kwa wazee waliokuwa hawaendi popote. Alhamisi, jua likiwa utosini, rejeta ikachemka ikapiga mluzi. Mjomba akainua mtungi. Mwepesi. Akainua wa pili.

"Ekal," mama akasema, "umenywesha barabara yote, gari umelisahau."

"Ningewapita vipi, dada?"

Mama akashuka garini. Hata yeye asingewapita.

Tulifuata sauti ya ngamia mpaka kwenye laga, ule mto wetu wa mchanga usio na maji juu. Ngamia walikuwa wanalia vibaya. Mama aliniambia kuna mzee ameketi kwenye kigoda chake, kando ya kisima kilichozungushiwa miiba.

"Ejok?" mjomba akamsalimu.

"Ejok. Tumbako iko?"

"Imeisha, mzee. Niligawa."

"Na maji?"

"Niligawa."

"Basi wewe ni mtu mzuri sana," mzee akasema, "na utakufa mapema."

Mama alicheka, hata na ile hofu yote. Mjomba akaomba maji ya gari.

"Hilo gari linakamuliwa?"

"Hapana, mzee."

"Basi litangoja wanaokamuliwa. Vua viatu uingie kisimani. Na dada yako. Na huyo mtoto."

"Mtoto haoni!" mama akasema kwa ukali.

"Mikono yake je?"

Kisima kilikuwa kirefu, kimechimbwa ngazi za mchanga ubavuni. Mjomba alisimama chini kabisa, maji magotini, suruali yake ya mjini imekunjwa, ndivyo mama alivyonisimulia baadaye. Mama juu yake, mimi juu ya mama, na mzee juu ya wote, akimimina kwenye hori la mbao na kuwaimbia ngamia wake mmoja mmoja kwa jina. Chombo kilichojaa kilipanda upande wa kulia, kitupu kikashuka kushoto. Nilishika, nikatoa, nikashika. Hakuna aliyenihurumia, na sikuangusha hata kimoja.

"Mzee, kesho daktari anaondoka," mama alilalamika.

"Basi harakisha mkono."

Jua lilikuwa limepoa aliposema imetosha, sasa tumnyweshe ng'ombe wetu wa chuma.

Kakuma tulifika Ijumaa kabla ya adhuhuri, daktari akiwa bado hajafunga sanduku lake. Jicho la kushoto halikurudi vizuri, huona kama kwa moshi. La kulia ndilo ninaloandikia haya.

Nilikuja kuolewa kwa watu wa ngamia, ndipo nikaelewa. Kisima kirefu kama kile hakitekwi na mtu mmoja. Yule mzee hakuwa anapumzika kwenye kigoda. Alikuwa na maji chini ya miguu na mifugo inakufa kiu mbele yake, hana mtu wa kumpokeza chombo. Sisi tulidhani tumeenda kumwomba. Kumbe naye alikuwa anaomba, ila kinywa chake kilijua kuamuru tu.

Siku ile kisimani, maji ya mwisho mama alininawisha nayo. Kope zikaachana kidogo, nikaona mchanga mwekundu na mgongo wa mtu mrefu, fimbo begani, kigoda mkononi, ngamia wametangulia na matumbo yamejaa.

"Mzee!" mjomba akaita. "Tukuite nani?"

Hakugeuka. Nimepita laga ile mara nyingi tangu hapo, nikauliza kila aliyekuwa na ngamia. Uso wake sikuuona kamwe. Alienda tu.