Vyuma vya Baba Mkwe

Mimi mtu anayetemea mate kitu nilichokisafisha simuwezi. Mpaka leo nikimkumbuka yule mnunuzi, kinachonijia kwanza si uongo wake, ni mate yake. Alikuwa amekaa sebuleni kwetu Kawetele, ameshika kipande cha chuma nilichokisugua kwa mikono yangu miwili, akakitemea, ptu! Kisha akakifutia kwenye soksi. Soksi, jamani! Halafu akaokota kijiti cha ekseli, kile kinachopitishwa katikati ya magurudumu, akajichokolea sikio. Nilikuwa jikoni nachungulia kwenye ufa wa dirisha, ndizi zinachemka nyuma yangu.

Vyuma vilikuwa vya baba mkwe wangu. Ujana wake alikuwa mpishi wa meneja mmoja Mzungu kwenye mashamba ya chai, na yule meneja alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia sanduku la mbao lililojaa vyuma vya kuchezea watoto: mabapa yenye matundu, magurudumu, nati, bolti na vispana vidogo. Unaviunga upendavyo, unapata gari, au daraja, au winchi. Kila Krismasi baba mkwe aliunda winchi lenye kamba na ndoano, wajukuu wakawa wanalinyanyulia maparachichi huku wanagombana. Ng'ombe alikuwa nao, lakini ng'ombe nani hana? Lile sanduku ndilo alilojivunia.

Kuvisafisha ilikuwa kazi yangu. Mvua ya Rungwe haina adabu, ukigeuka tu chuma kimeota kutu. Basi baba mkwe anaweka vilivyoanza kuharibika kwenye bakuli, mama mkwe ananiletea jikoni, navilowesha kwenye mafuta ya taa, nasugua kwa tambara, bakuli linarudi. Kwa nini asiniletee mwenyewe? Kwa sababu kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto na baba mkwe wake hawakutani. Nikimwona anakuja njiani najitupa migombani mpaka apite. Hatutazamani, hatusemeshani, hatupeani kitu mkono kwa mkono. Kanisani walishaanza kulegeza mambo hayo, lakini kwa wazee wa nyumba ile, wapi! Nilikuwa nimeshazaa watoto pale, na uso wa baba mkwe siujui vizuri. Kikohozi chake ndicho nilichokijua.

Ila binadamu hakosi njia. Akitaka kunieleza jambo, alikaa nje ya ukuta wa jiko akamsimulia mbwa. Nami nikitaka kumjibu, naiambia sufuria. Hivyo ndivyo nilivyojifunza umri wa kila kipande. Vile vyeupe vya kung'aa, vya nikeli, ambavyo havikupakwa rangi tangu kiwandani, ndivyo vikongwe, alivichezea baba yake meneja. Vyekundu na vya kijani ni vya meneja mwenyewe alipokuwa mdogo. Vya njano na vyeusi ni vya juzi, alinunuliwa mtoto wake. Kwenye gurudumu unatazama kitovu. Cha zamani kina tundu moja tu la skrubu ya kukazia, cha karibuni kina mawili yanayotazamana.

"Umesikia, wewe mbwa?" anauliza.

"Sufuria, tumesikia," najibu, naendelea kumenya ndizi.

Zikaja siku za ruksa, bidhaa za nje zikafunguliwa mlango. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sabuni, mara Tukuyu mjini kukafurika kila kitu. Sikatai, sabuni tuliipata, na khanga pia. Lakini takataka nazo! Saa inayokufa kabla hujafika nayo nyumbani, viatu vya plastiki vinavyonuka hata havijavaliwa, vikombe vinavyopinda ukivitia chai ya moto. Na watu wakavikimbilia, wakaanza kuona haya kwa vitu imara walivyoachiwa na wazazi wao.

Wa kwanza alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Huyu alitaka redio kaseti. Si redio tu, redio kaseti kubwa ya kubeba begani, yenye vitaa vinavyowakawaka. Huko mjini akakutana na mnunuzi wa vitu vya kale aliyesema ametoka Dar es Salaam, wakakubaliana kwamba sanduku likitoka, redio inaingia. Baba mkwe alikataa. Shemeji akamganda, asubuhi redio, jioni redio, mpaka mzee akasema haya, mlete huyo mtu nimsikilize.

Sasa sikiliza uchafu wa roho. Shemeji alijua ni nani angeharibu dili lake. Akachagua siku ambayo mama mkwe amekwenda msibani Lupepo na mume wangu yuko zamu kiwanda cha chai. Akamkalisha mzee sebuleni, kwa sababu mzee akiwa mle ndani mimi siwezi kukanyaga. Kisha akaja dirishani kwangu anacheka.

"Shemeji, leo wewe na ndizi zako tu."

Alinifunga kwa heshima yangu mwenyewe, kama mbuzi. Nilitamani kumwagia maji ya ndizi.

Sebule na jiko vilitazamana, uwanja mdogo katikati, kwa hiyo kila neno nililisikia. Mnunuzi alikuwa anachagua vyuma mezani na kuviponda. Vya njano na vyeusi akavisifia, eti angalau vina rangi. Vyeupe akasema vimechubuka, rangi yote imetoka, hivyo ni vya kutupa.

"Na hili gurudumu bovu, mzee. Ona, kitovu kina tundu moja, la pili walisahau kutoboa. Ningekuwa mtu mwingine ningekuambia ubaki na makopo yako. Lakini kwa heshima yako nachukua yote, nawaachia redio."

"Baba, umesikia mwenyewe," shemeji akadakia. "Makopo!"

Mzee akakohoa. Nilikijua kikohozi kile, kilikuwa cha mtu anayeanza kuona aibu kwa kitu alichokuwa anakipenda. Hapo ndipo nilipowaka. Maana kwenye ufa wa dirisha nilikuwa namwona yule bwana vizuri. Vile alivyovisifia alivirusha sandukuni kama maganda. Vile vya kutupa alikuwa anavipanga kimojakimoja kwenye leso yake, na lile gurudumu bovu alishalitia mfuko wa shati. Ebo! Takataka gani inafungwa kwenye leso?

Nikachukua mwiko, nikagonga sufuria ngo, ngo, ngo, mpaka kule ndani wakanyamaza.

"Wewe sufuria!" nikapaza sauti. "Hivi unajua vya nikeli havikuwahi kuwa na rangi? Vitachubukaje? Ndivyo vya zamani kuliko vyote! Na gurudumu la tundu moja ndilo lililotangulia, hayo ya matundu mawili yamelikuta! Sufuria, muulize mgeni, kama ni bovu linafanya nini mfukoni mwake?"

Nikasikia kiti kikikwaruza sakafu.

"Bwana," baba mkwe akasema taratibu, "toa ulichonacho mfukoni."

"Baba!" shemeji akafoka. "Unamwacha mgeni unasikiliza sufuria?"

"Sufuria ile inanilisha tangu ilipokuja hapa, haijanidanganya. Wewe leo umeniletea nini?"

Mnunuzi akatoa gurudumu, akafungua leso, akaondoka anatukana. Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka, nikageuka nikakuta ndizi zimeungua.

Ningependa kuishia hapo. Lakini Jumapili iliyofuata tulipotoka kanisani, wote wa nyumba isipokuwa shemeji aliyedai ana homa, tulisikia muziki tangu barabarani. Ngoma, kelele, mtu analia kwa mapenzi kwenye spika inayokoroma. Redio kaseti ilikuwa imewekwa juu ya stuli kwenye mlango wa chumba cha shemeji, vitaa vinawakawaka mchana kweupe, na yeye amekaa pembeni anatikisa mguu, amepona. Sanduku halikuwepo. Mama mkwe alipiga yowe kama la msiba. Mume wangu aliivuta ile redio akaitupa kwenye matope, ikaendelea kuimba hukohuko. Kinyaa kilichonishika siku ile, sijui kama kimewahi kuniachia. Ningeweza kumsamehe mwizi wa njaa. Huyu hakuwa na njaa, alitaka vitaa.

Baba mkwe aliingia ndani, akafunga mlango.

Jioni nilikuwa jikoni napuliza moto nikasikia hatua, kisha kikohozi, karibu mno. Nikashtuka, nikatafuta pa kujificha, nisipate. Baba mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko langu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa amenipa mgongo, anatazama migomba.

"Sufuria," akasema. "Kuna kilichobaki?"

Kilikuwepo. Siku mbili kabla mama mkwe aliniletea bakuli, maana mate ya yule mshenzi yalikuwa yameshaanza kutia madoa, nikaviloweka vyuma, bakuli nikalisukuma chini ya meza ya vyombo. Shemeji jikoni hakanyagi, asingeliona. Mle ndani mlikuwa na mabapa machache ya nikeli, na lile gurudumu la tundu moja.

"Sufuria," nikasema, "mwambie lipo gurudumu."

Hakugeuka. Aliupeleka mkono nyuma ya mgongo, akaufungua. Nilipaswa kuliweka gurudumu kizingitini, nirudi nyuma, aliokote. Nililifuta kwenye khanga yangu, nikamwekea kiganjani, vidole vyangu vikagusa vyake.

Akafumba mkono.

"Ndaga, mwanangu," akasema. Asante. Na hakuwa anaiambia sufuria.