Hamu ya Bwana wa Miwa

Zipporah Kazungu alikuwa mkalimani wa mabaraza ya Minjila kwa miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyemtazama kwa jicho baya mpaka alipokuja yule bwana wa kampuni ya miwa. Zamani alifundisha Kiingereza Garsen. Watoto walimwogopa kwa sababu hakupokea jibu la kubahatisha. Ukimwambia neno lina maana ya "hivi hivi tu", atakukatiza usoni.

Bwana huyo alikuja mwezi wa pili kusikiliza watu, au ndivyo barua ilivyodai. Kampuni ilitaka kuzungushia ua bonde lote pamoja na malka, ile njia ya mifugo ya kushukia mtoni. Mzee Dukicha, mfugaji wa Kiorma, alisimama akaeleza kwamba malka ikifungwa, ng'ombe wake watakufa huku wakiyaona maji. Alisema kwa uchungu. Mgeni akaitikia kwa kichwa, akasema neno moja: "Intriguing."

Zipporah alilijua, alishalifundisha. Si sifa wala si kukubali. Ni la jambo linalomwamshia mtu hamu, akataka kulifuatilia mpaka alijue. Akawageukia watu. "Anasema habari yako, mzee, imemtia hamu ya kujua zaidi."

Hapo ndipo walipoponzeka. Kwa Waorma, mwenye hamu ya kujua huuliza: ng'ombe hawajambo, majani yapo, maji je, ndama je. Kumkatiza kabla hajamaliza ni utovu wa adabu. Sasa, watu walikuwa na siku thelathini za kupeleka pingamizi kwenye ofisi za serikali Hola, na barua yao ilikuwa tayari, imetiwa vidole gumba. Mzee Dukicha akaizuia. Hatuwezi kumshtaki mtu ambaye bado anatuuliza, alisema, na wazee wenzake wakaafiki. Wakangoja maswali. Siku ya thelathini ikapita, na hakuna aliyekuja kuuliza lolote.

Mwezi wa nne zikaja nguzo za ua.

Wakamgeukia Zipporah. Wanawake sokoni wakakataa kumuuzia maziwa. Mtu mmoja akamwita kibaraka mbele ya wanawe. Lakini matusi hayo hayakumuuma kama alivyojichukia mwenyewe. Alijua fika jinsi wakubwa wanavyolitumia neno lile: wanakutupia ili unyamaze, wao waendelee na chai yao. Hilo hakulisema. Aliwapa watu maana akawaficha matumizi, kosa ambalo darasani angelitilia alama nyekundu.

Chifu akaitisha baraza la pili kando ya nguzo, na mgeni akaja. Mzee Dukicha hakumsalimu.

"Wewe mwalimu ilisema huyu mtu nataka jua mambo yetu. Sasa ambia yeye: ng'ombe yangu kesho nakunywa maji wapi?"

Zipporah akamfikishia mgeni bila kupunguza. Mgeni akatazama saa yake, akatabasamu, akalirudia neno lile lile.

Safari hii Zipporah hakuwageukia watu. Alimkabili mgeni, akamwambia kwa Kiingereza chake cha darasani, "Kama una hamu, uliza. Unataka kujua nini?"

Mgeni akacheka kidogo. Akamtazama chifu amwokoe, na chifu akainamia viatu vyake.

"Yeye nasema nini?" Dukicha akauliza.

"Hana swali, mzee. Hakuwa nalo hata siku ile. Mimi nilijua wanavyolisema, nikanyamaza. Kosa ni langu."

Mzee Dukicha akamtazama kwa hasira. Hakumsamehe. Akawageukia watu wake, akasema nao kwa Kiorma, maneno machache tu, nao wakainuka wote pamoja, wakaziendea nguzo.

"Amesema nini?" mgeni akamuuliza Zipporah, sauti imempanda. "Wanakwenda wapi? Wanataka kufanya nini?"

Zipporah akakunja mikono, akakataa kumtafsiria.